Tayari kwa Kazi Yote

Mwanamke nisiyemjua aliingia dukani kwetu mtaa wa Nguba Jumamosi asubuhi akiwa na beseni kichwani, na ndani ya beseni kulikuwa na kompyuta iliyofungwa kitenge kama mtoto anayepelekwa hospitali. Hakubisha hodi. Alipiga magoti polepole, akashusha beseni sakafuni, akakifungua kitenge, kisha akainuka na kunitazama.

"Modeste iko wapi?"

"Ametoka kidogo, maman. Mimi ni Elodie, tunafanya kazi pamoja. Karibu, ukae."

"Sikukuya kukaa. Nilitoka Nyantende kuuliza neno moja tu. Mulifanyia mashini yangu nini?"

Jina lake lilikuwa Maman Micheline. Nyumbani kwake kuna mashine kubwa ya kutarizi inayoongozwa na kompyuta. Anatarizi beji za shule, misalaba ya mavazi ya mapadri, majina ya maharusi kwenye vitambaa. Wasichana watatu wa jirani wanaishi kwa kazi hiyo pamoja naye. Modeste alikuwa ameitoa programu ya zamani kwenye kompyuta yake na kuweka yetu, na tangu siku hiyo mashine ya kutarizi ilikuwa imenyamaza. Kompyuta inawaka vizuri, inaandika, inacheza muziki. Sindano haishuki.

"Jumatatu binti zangu banakuya kazini," alisema. "Nitabaambia nini? Bacheze muziki?"

Nilishtuka mpaka nikasahau adabu. Nikamuuliza, "Lakini maman, nani alikuambia programu yetu inaweza kutarizi?"

Naye akashtuka kwa swali langu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani alimfundisha ishara ya msalaba.

"Kanisa," alisema.

Hapa inafaa nieleze kazi yetu. Mimi na Modeste tulimaliza masomo ya kompyuta pamoja, na tulipokosa kazi tulifungua duka hili. Tunaweka programu huria kwenye kompyuta kuukuu: programu zilizotengenezwa na watu wengi duniani, zinazogawiwa bure, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzinakili na kuzibadilisha. Naipenda kazi hii kwa moyo wote. Nimeona kompyuta iliyokuwa imetupwa ikifufuka na kufundishia watoto kuandika. Nimeona mwalimu akilia kwa furaha kwa sababu virusi vilivyokuwa vinamlia faili kila muhula vilikwisha. Nilikuwa naamini, na bado naamini, kwamba kitu kama hiki kilitengenezwa kwa ajili ya mji kama wetu.

Mama yangu alipopasuliwa, nilikwenda kumtunza kwetu Lwiro. Kabla ya kuondoka nilimwachia Modeste tangazo la kusomwa parokiani. Nililiandika kwa uangalifu. Nusu ya kwanza ilisema programu hii inafaa kwa kazi zipi: kuandika, mahesabu, mtandao, masomo. Nusu ya pili ilisema bado haifai kwa kazi zipi, na kwamba mtu atuulize kwanza kabla ya kufuta chochote. Nilikuwa nimerudi jana yake tu.

"Maman," nilisema, "tangazo lilisema kuna mashine ambazo bado haziwezi."

"Halikusema." Alifumba macho, akalisoma kwa sauti ya msomaji wa kanisani, neno kwa neno. "Wakristo wapendwa, vijana wetu wa parokia wanawaletea programu huria. Ni bure, haina virusi, na iko tayari kwa kazi yote. Leteni mashini zenu kwenye salle, ukumbi wa parokia, baada ya Misa. Basi. Njo vile ilisomwa."

"Labda siku moja msomaji alisahau..."

"Siku moja?" Sasa alikaa, bila kukaribishwa mara ya pili, kwa sababu miguu ilikuwa imemchoka. "Ma fille, sikiliza. Miye si mujinga. Mara ya kwanza nilisikia, nikanyamaza. Mara ya pili nikanyamaza. Nilisema ningoje ya tatu. Unajua pale mahali banasomaka nini? Banasomaka ndoa. Fulani anataka kuoa fulani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na mwenye anajua kizuizi akuye aseme. Kama kijana ana bibi mwingine Kamituga, mutu ataenda kusema. Ya kwenu ilisomwa mara tatu. Kanisa ilijaa. Kulikuwa baprofesa, kulikuwa bainjenia. Hakuna mutu alisema kizuizi. Njo nikachukua mashini yangu, nikaileta."

Katika masomo yetu yote hatukuwahi kufundishwa kwamba tangazo la programu linaweza kupimwa hivyo. Mimi nilipeleka karatasi parokiani kwa sababu ndipo watu wengi wanaposikia jambo kwa pamoja. Sikufikiri kwamba mtu atakaa kwenye benchi Jumapili baada ya Jumapili akingojea tuumbuliwe, na akiona hatuumbuliwi atatuamini kama anavyoamini ndoa.

Modeste aliingia akipiga mluzi, na mfuko wa beignets, maandazi ya hapa, mkononi.

"Ah, Maman Micheline! Broderie inaenda?"

"Inaenda wapi? Mon fils, ile siku nilikuuliza: na sindano yangu? Ukanichekelea. Ulisema, maman, ata fusée ya kuenda mwezini inaweza kuruka na hii. Miye sina fusée. Niko na sindano."

Modeste aliweka mfuko juu ya meza. Aliangalia kompyuta, akaniangalia mimi, na nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Nani alikata tangazo langu?" nilimuuliza.

"Elo, tuongee nje."

"Tuongee hapa."

"Bon." Alijikuna shingo. "Ilikuwa ndefu. Nani anaenda sokoni kutangaza nyanya zake na kusema, hii moja imeoza kidogo upande wa chini? Batu bangekimbia. Sasa balikuya. Salle ilijaa, Elo, weye haukuiona! Na préfet Stanislas aliona. Njo sababu anataka kutupa salle nzima ya shule yake."

Hilo nililijua. Papa Stanislas, mkuu wa shule moja kubwa ya hapa Nguba, alikuwa ameahidi kutukabidhi chumba chote cha kompyuta cha shule, tuweke programu zetu humo na kukitunza. Ndiyo ingekuwa kazi yetu ya kwanza ya kweli, ile ambayo ningeweza kumwambia mama yangu bila kuongeza chumvi. Tulikuwa tukutane naye kesho yake, mbele ya kanisa, kusaini na kupeana mikono.

"Na kazi yote? Modeste, kazi yote? Uliyatoa wapi maneno hayo?"

"Si miye niliyabuni." Alifungua kompyuta yake na kuigeuza nitazame. Ulikuwa ukurasa wa watengenezaji wenyewe, ule ninaoufungua karibu kila wiki. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, iliandikwa kwa Kifaransa: tayari kwa kila mtu, kwa kila kazi. "Unaona? Benyewe balisema. Na kila mwaka banasema mwaka huu njo mwaka wetu. Makampuni makubwa banadanganya asubuhi na mangaribi, hakuna mutu anabauliza. Sisi masikini njo tuseme ukweli peke yetu?"

Nilisoma mstari ule kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeupita mara nyingi, jicho langu likikimbilia chini penye kitufe cha kupakua. Watu wale ninawaheshimu. Wamefanya kazi ya miaka bila kuomba kitu. Na wao pia walikuwa wameandika kitu ambacho sindano moja ya Nyantende iliweza kukikanusha.

"Minamaliza kungoja," alisema Maman Micheline. "Mashini itapona, ao haitapona?"

Tukaanza kazi. Kusema kweli Modeste hakusita. Alivua koti akaleta bisibisi. Tuliitoa diski ya kompyuta ya Maman Micheline na kuiunganisha kwenye kompyuta ya duka. Hapo nilipata mshtuko mwingine. Faili zake za kuandika zilikuwa zimehifadhiwa kabla ya kufuta, kama tunavyofanya daima, lakini michoro ya kutarizi ilikuwa inakaa ndani ya folda ya programu yenyewe, mahali ambapo Modeste hakutafuta. Kazi ya miaka yote ya mama huyu ilikuwa imefutwa, na juu yake tulikuwa tumeandika programu yetu.

"Michoro ilikuwa na nakala nyingine, maman? Kwenye flash?"

"Flash ya nini? Ordi yangu, hii kompyuta, njo ilikuwa kabati."

Ipo programu huria inayochimba diski iliyofutwa na kuokota vipande vya faili vilivyobaki. Niliianzisha. Modeste alichukua diski nyingine, akaweka humo mfumo wa zamani, na Maman Micheline akatoa kwenye paketi ya biskuti CD iliyokuja na mashine yake ya kutarizi. Mikwaruzo ilikuwa mingi. Modeste aliipangusa kwa shati lake, akaiingiza, sote tukasikiliza inavyozunguka. Ilikataa. Akaitoa, akaipangusa tena. Safari hii ikakubali.

Mchana wote faili ziliibuka polepole, bila majina. Nilizifungua kwa programu nyingine huria inayoweza kuonyesha michoro ya kutarizi japo haiwezi kuongea na mashine kama ya kwake, na Maman Micheline aliitambua mmoja mmoja akiwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Hiyo ni ndege ya korali. Hiyo ni insigne, beji ya basista. Hiyo... eh, hiyo ilikuwa harusi ya Bijou, baliisha kuachana, ila weka tu."

Modeste akacheka, naye akacheka, kisha akakumbuka, akarudisha macho kwenye skrini.

"Kumbe hii yenu iko muzuri," alisema baadaye. "Inafufua batu."

"Ni nzuri, maman. Kwa kazi hii hakuna inayoishinda. Kwa sindano yako bado."

"Si mungesema tu vile?"

Alisema bila hasira, kama mtu anayeuliza kwa nini mlango haukufungwa. Nililiona aibu hata lile tangazo langu refu ambalo halikusomwa.

Jua lilipoanza kushuka upande wa pili wa ghuba ya ziwa, kompyuta yake iliwaka na programu yake ya zamani ikafunguka. Zaidi ya nusu ya michoro ilikuwa imerudi. Kikombe cha komunyo ya kwanza, ambacho alikichora mwenyewe nukta kwa nukta na ambacho parokia kadhaa humwagiza kila mwaka, hakikurudi. Tulitafuta tena. Hakikurudi.

"Nitakichora upya," alisema, na akageuza uso.

Nilimwambia nitakuja Nyantende kumsaidia kuchora. Akatikisa kichwa.

"Ile kazi ni yangu. Kwako nataka kitu kingine. Kesho kuko salle tena, si ni kweli? Bintu wa shirika letu ataleta mashini yake. Anapiga picha za paspoti, ile printer yake ni ya ajabu ajabu. Madeleine wa pharmacie, duka ya dawa, ataleta yake. Unajua ju ya nini banaileta? Miye njo nilibaambia. Nilisema, pelekeni, ilisomwa mara tatu. Sasa ju yangu bataharibikiwa." Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na alama ndogo ndogo za sindano. "Useme kizuizi. Kesho, mahali pale pale, mbele ya batu bale bale. Na useme kwa Kiswahili, si ile Kifaransa yenu ya ofisi."

"Nitasema, maman."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Modeste alingoja mpaka pikipiki iliyombeba ilipopotea kwenye kona. "Elo, fanya hivi," alisema. "Tuache préfet asaini kwanza. Juma ijayo utasema yote. Nitakusindikiza miye mwenyewe."

"Na Bintu?"

"Bintu tutamwambia polepole, pembeni. Batu bengine pia, mmoja mmoja, pale mlangoni."

Halikuwa wazo baya. Nililala nalo. Asubuhi nilikuwa bado ninalo, lakini nilikuwa nimekwisha kuandika karatasi mpya, fupi kuliko ya kwanza.

Papa Évariste, mwalimu mstaafu anayesoma matangazo ya Misa ya Kiswahili, nilimkuta kwenye mlango wa sakristia akiwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kwenye paji la uso. Aliisoma karatasi yangu, midomo ikimwenda.

"Binti yangu, leo ndoa ni nne. Kuna sadaka ya pili ya kujenga vyoo. Padri ana Misa ingine. Tangazo si mahubiri. Modeste alinipa yake, ni mstari mmoja, nitasoma ile."

"Papa, ile si ya kweli."

Alinitazama juu ya miwani. "Niliisoma mara tatu."

"Ndiyo, papa. Na si ya kweli."

Nilimwona anavyoshtuka. Nadhani hakuwahi kufikiri kwamba kinywa chake kilikuwa kimehusika. Lakini kengele ililia, korali ikaanza, naye akaingia ndani na makaratasi yake, yangu ikiwa chini kabisa.

Modeste aliketi benchi la tatu, karibu na Papa Stanislas, aliyevaa suti ya kijivu. Waliponiona wote wawili walinikonyeza kwa furaha, Stanislas kwa furaha ya kweli. Maman Micheline sikumwona. Nyuma kabisa, karibu na mlango, nilimwona Bintu na kompyuta yake miguuni, ndani ya gunia. Pembeni yake yalikuwapo magunia mengine, na katoni, na sanduku moja la bati. Nilijaribu kutoyahesabu.

Baada ya komunyo Papa Évariste alipanda mimbarini. Ndoa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne: mwenye kujua kizuizi aseme. Sadaka ya vyoo. Mkutano wa akina mama. Kisha akachukua karatasi ya Modeste, akaishika kwa muda, akaangalia upande wangu, akaangalia saa.

"Vijana wetu wa programu huria wako tena kwenye salle. Programu iko tayari kwa kazi..."

Hakumaliza, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama.

Hata kwa ndoa hakuna anayesimama. Mwenye kujua kizuizi huenda ofisini kwa padri, kimya, siku ya kazi. Kanisa zima liligeuka kwa mlio mmoja wa mabenchi. Nilisikia mtu akisema "Yesu wangu."

"Samahani, papa. Mimi ni mmoja wao. Nina kizuizi."

"Ma fille, keti," alisema Papa Évariste, lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na padri kwenye kiti chake aliinua mkono kidogo, sikujua kama ananikataza au ananiruhusu. Nikaendelea kabla sijajua.

Nilisema kwa Kiswahili. Nilisema programu yetu ni nzuri, kwa kuandika, kwa mahesabu, kwa mtandao, kwa masomo ya watoto, na kwamba mimi mwenyewe siwezi kufanya kazi bila hiyo. Nilisema haiko tayari kwa kazi yote. Kuna mashine za kutarizi hazitaisikia. Kuna printer hazitaisikia. Kuna programu za pharmacie na za uhasibu hazitafunguka ndani yake.

"Sema kwa nguvu!" aliita mama mzee upande wa korali.

Nikasema kwa nguvu. Nilisema kuna mtu aliyetuamini, na tumempotezea kazi ya mikono yake ambayo hatuwezi kuirudisha yote. Sikumtaja jina. Nilisema aliyeandika tayari kwa kazi yote, awe ni sisi au ni wale walioitengeneza, hakusema kweli.

Papa Stanislas aliinuka. Alifunga kifungo cha suti yake, akamwambia Modeste neno moja ambalo sikulisikia, akatoka kwa mlango wa pembeni kabla ya baraka, jambo ambalo sijawahi kuona mkuu wa shule akilifanya. Kupitia mlango uliobaki wazi nilimwona akivuka ua wa parokia bila kugeuka. Modeste alikuwa ameinamisha uso ndani ya viganja vyake.

"Imetosha, binti yangu," alisema Papa Évariste kwa upole. "Wamesikia."

Ningeweza kukaa. Nilitamani kukaa kuliko kitu chochote. Lakini lilikuwa limebaki lile la mwisho, ambalo lingetuachia salle tupu na duka tupu, na kule nyuma Bintu alikuwa bado ameshika kamba ya gunia lake, akingojea kuambiwa afanye nini.

"Kama umekuja na mashini yako leo," nilisema, "irudishe nyumbani. Usituachie. Njoo kwanza bila hiyo, utuambie unaifanyia kazi gani."

Kisha nikakaa.